Ndani Pakavu

Mkasi ulikuwa umeshagusa kiti. Ndivyo tulivyoachana Jumamosi iliyopita: Fundi nusu mwili ndani ya gari la kijivu, nusu nje, na Bwana Fulu nyuma yake, mikono mfukoni, akitamka maneno mawili ambayo najua yamewanyima baadhi yenu usingizi.

"Ukikata, umenunua."

Kwa anayeingia leo, nasema haraka haraka. Fundi ni mwanamke anayeshona viti vya magari. Mdogo wake, Mwalimu, anafundisha chekechea, naye anataka kulinunua gari hili leo leo, kwa sababu Jumatatu ana watoto wanne wa kuwavusha barabara kuu, ile ambayo mwezi uliopita nusura imchukue mmoja wao mbele ya macho yake. Ameshawaahidi wazazi. Bwana Fulu ndiye mwenye yadi. Mama yake hakumpa jina hilo, wamempa wateja, maana hana gari lisilo fulu: fulu redio, fulu kamera, fulu marashi.

Na yule msomaji aliyeniandikia kwamba Fundi ana wivu tu, anaona vibaya mdogo wake kupata gari kabla yake, barua yako imefika. Kaa hapo hapo.

"Nikikata, nimenunua?" Fundi aliuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, mama. Ndiyo sheria ya yadi."

"Imeandikwa wapi?"

"Nimeisema sasa hivi."

"Basi na mimi nakata sasa hivi."

Akakata. Mshono wa kiti cha dereva ulifunguka kuanzia begani hadi chini, kraa, mpaka wateja waliokuwa wakizungukazunguka upande wa pili wa yadi wakaacha magari yao na kusogea. Fundi akazamisha mkono ndani ya kiti hadi kiwiko, akapapasa, akachomoa donge la sponji na kulinyanyua juu ili kila mtu alione.

Sponji ilikuwa nyeupe, safi, kavu, na bado ina harufu ya dukani.

Kisha mzee mmoja mwenye kofia ya sufi, aliyekuja kutafuta pikapu na wala hakuwa na habari na ugomvi wa watu, akauliza kwa upole, "Sasa mama, ulikuwa unatafuta nini humo?"

Watu wakacheka. Bwana Fulu alicheka zaidi yao, akalichukua lile donge na kulifinyafinya mbele ya pua ya Mwalimu.

"Hata godoro ninalolalia mimi halina sponji kama hii," alisema. Kisha akatoa simu. "Afande, uko karibu? Nipitie hapa yadini, tafadhali. Kuna mama amekuja kuniharibia mali mchana kweupe. Ndiyo, hata ukiwa hujavaa sare, wewe njoo tu." Akaikata simu na kutabasamu. "Afande ni mteja wangu. Dakika kumi."

Mwalimu alikuwa ameegemea boneti, karatasi ya mauzo mbele yake, kalamu mkononi. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu.

"Umeridhika, dada?"

"Bado."

"Kila kitu changu lazima ukipasue ndiyo moyo wako utulie. Hata mchumba wangu ulimpasua hivi hivi."

"Nikakuta nini?"

"Hayo si ya leo."

"Nikakuta nini, mdogo wangu?"

"Ukakuta ana mke. Lakini nimesema hayo si ya leo." Mwalimu akaivuta karatasi karibu. "Jumatatu nina watoto wanne, na nimechoka kuwavusha kwa kuwashika mikono na kuomba Mungu. Naweka saini, halafu twende nyumbani, na hicho kiti utakishona mwenyewe."

"Sponji ni safi kwa sababu mimi ndiye niliyeiweka," Fundi alisema.

Kalamu ikasimama.

Bwana Fulu akaacha kucheka, ghafla, kama redio iliyochomolewa. Hapo ndipo nilipojua, na nyie mtajua sasa, kwamba siku zote hizi Fundi alikuwa na jambo moyoni ambalo hata sisi hakutuambia.

"Umeiweka lini?" Mwalimu aliuliza.

"Mwezi uliopita. Vililetwa vyuma vitupu vya viti, havina ngozi, havina sponji, havina chochote. Nikaambiwa viti vya zamani viliraruliwa na mbwa. Vyuma vimepakwa rangi mbichi, vingine bado vinanata. Nikashona. Uzi mwekundu juu ya ngozi ya kijivu, mishono miwili miwili, kama ninavyoshona mimi peke yangu mji huu."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Mbwa gani anakula viti vitano vya gari moja?"

"Nimesema sikuuliza. Kazi yangu nyingi inatoka yadi hii. Ukiuliza uliza sana, kazi inakwenda kwa mwingine."

"Nilikuonyesha picha za gari hili Jumanne," Mwalimu alisema polepole. "Leo Jumamosi. Kwa hiyo Jumanne uliujua mkono wako, ukanyamaza."

"Niliujua."

"Siku nne, dada."

"Siku nne. Nilitaka uliache mwenyewe bila mimi kusema. Nikakwambia rangi mbaya, nikakwambia milango mizito, nikakwambia linakula mafuta. Aibu ilinikaba, mdogo wangu. Ndiyo maana nimekuja na mkasi. Nilifikiri nikivunja kazi yangu mwenyewe mbele ya watu, nitakuwa nimesema."

Msomaji wangu wa wivu, bado upo? Haya.

Bwana Fulu alipiga makofi taratibu. "Maigizo mazuri. Lakini kushona viti vipya ni kosa? Mimi naongeza thamani. Gari likija na viti vibaya, naweka vizuri. Zulia baya, naweka zuri. Hiyo ndiyo fulu. Mteja anapata thamani ya kila senti ya jasho lake."

"Msomee tangazo," Fundi alimwambia mdogo wake. "Lile ulilonitumia. Lisome kwa sauti, na hawa wasikie."

Mwalimu alisita. Akafungua simu. Aliposoma, alisoma kwa sauti ya darasani, neno moja moja, maana mwalimu ni mwalimu tu.

"Gari safi. Halijagongwa. Viti vipya vya ngozi. Zulia jipya. Redio ya skrini, muziki mnene, spika sita. Mikanda mipya. Taa za rangi miguuni. Marashi ya mwaka mzima. Ndani pakavu."

"Rudia la mwisho."

"Ndani pakavu."

Fundi aliwageukia wale wateja. "Nyie mmeshanunua na kuuza. Kuna aliyewahi kuona mtu anatangaza gari kavu?"

Mzee wa kofia akakuna kidevu. "Mimi nimeona limetangazwa jipya, limetangazwa la daktari, limetangazwa la mama anayelitumia kwenda ibadani tu. Kavu sijaliona."

"Mimi nikikukaribisha chai nikakwambia chai yangu haina nzi, utainywa?"

"Nitaaga."

"Umeona. Sasa sikilizeni, kazi hii nimeifanya miaka kumi na tatu. Muuzaji anatangaza pale mkono wake ulipopita. Zulia jipya, uliza la zamani lilikwenda wapi. Redio mpya, ile ya kiwandani iliuawa na nini? Marashi ya mwaka mzima, yanafukuza harufu gani isiyoisha mwaka mzima? Mdogo wangu, kwenye orodha yote hiyo kuna mahali wametaja injini?"

Mwalimu alishusha simu, akaipandisha tena. "Hakuna."

"Gia?"

"Hakuna."

"Waya?"

"Dada, nani anatangaza waya?"

"Hakuna anayetangaza. Ndiyo maana hakuna anayeziuliza."

Bwana Fulu aliona watu wanaanza kumponyoka, akafanya anachokijua. Akafungua mlango, akakaa juu ya kile kiti kilichopasuliwa, akawasha gari. Muziki ukapasuka, spika zote sita, mpaka kioo cha ofisi kikatetemeka. Taa za rangi zikawaka miguuni. Kweli lilipendeza, sitaki kusema uongo. Kijana na mkewe waliokuwa pembeni walianza kutikisa vichwa bila kujua.

"Njoo, Mwalimu," Fulu alipaza sauti. "Kaa huku, bonyeza unachotaka. Gari linajitetea lenyewe."

Mwalimu akazunguka, akakaa mbele, upande wa abiria. Alibonyeza kioo kishuke. Kioo hakikushuka. Wipa zikaanza kufuta, kwaa, kwaa, jua likiwa kali kichwani na kioo kikavu kabisa.

"Hiyo ni otomatiki," Bwana Fulu alisema.

Akabonyeza tena. Wipa zikasimama, muziki ukakatika, honi ikalia yenyewe mara mbili.

"Inakusalimia. Magari ya siku hizi yana adabu."

Mwalimu alikuwa ameshaacha kutabasamu. Akanyoosha mkono afungue mlango atoke. Vitufe vya milango yote minne vikashuka kwa pamoja, tak. Akavuta komeo, hakuna kitu. Akavuta kwa nguvu, hakuna kitu.

"Usalama huo," Fulu alisema, lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Kuna watu wanaomba wawekewe hivyo."

"Nifungulie."

"Linafungua lenyewe, subiri kidogo."

"Bwana Fulu, nifungulie mlango."

Fundi alikuwa ameshafika upande wake. Dada na mdogo wake wakaangaliana kupitia kioo, mmoja ndani, mmoja nje, na mimi nawaambia ukweli, ugomvi wote wa wiki ile uliisha pale. Fulu akazima gari, akawasha, akazima tena, akapiga dashibodi kwa ngumi sehemu fulani chini ya usukani, mahali ambapo ilionekana wazi amepapiga mara nyingi. Tak. Milango ikaachia.

Mwalimu alitoka. Alisimama akilitazama gari kwa jinsi anavyomtazama mtoto aliyemuuma mwenzake.

"Waya zimeingia maji," Fundi alisema. "Gari hili lilizama."

"Ushahidi uko wapi?" Fulu alitoka akijifuta uso kwa leso. "Waya mmoja umelegea, tayari limezama. Kiti umepasua, umekuta nini? Sema mbele ya watu, umekuta nini?"

Fundi aliingia mbele, akashika mkanda wa dereva, akauvuta wote mpaka ukagota. Mpya, unang'aa. Akavuta wa abiria. Mpya. Fulu akarudisha mikono mfukoni.

"Mikanda mipya. Imeandikwa hapo, Mwalimu amesoma."

Fundi akahamia nyuma. Akavuta wa kulia, mpya. Akavuta wa kushoto, mpya. Mzee wa kofia akaguna kwa masikitiko, akiona mama wa watu anaumbuka mara ya pili.

Hapo Fundi akapanda magoti juu ya kiti cha nyuma, akatazama katikati.

Mnaujua mkanda wa katikati. Mtu mzima hakai pale, hapana raha. Kwa hiyo hata anayebadilisha mikanda husahau kwamba upo, au hujiambia nani atauvuta. Pale hukaa mtoto.

"Huo usiuguse," alisema Bwana Fulu. "Huo ni dhaifu."

Nadhani katika maisha yake ya biashara hajawahi kukosea zaidi ya hapo. Wateja wote waliinama kuchungulia.

Fundi akavuta. Mkanda ukatoka nusu, ukagoma. Akakanyaga ukingo wa mlango, akavuta kwa mikono miwili. Ukagoma, ukakwaruza, kisha ukaachia wote kwa mara moja, na juu ya zulia jipya likamwagika vumbi la kahawia, mabonge madogo madogo, na kipande cha jani bovu. Mkanda wenyewe, kuanzia nusu kwenda mwisho, ulikuwa na rangi ya maji ya mtaro.

Mwalimu aliokota bonge moja. Akalitemea mate kidogo kiganjani, akalisugua kwa kidole. Likalainika.

"Huu ni udongo wa mtoni," alisema. "Watoto wangu wananifinyangia ng'ombe kwa udongo huu kila Ijumaa. Naujua hata gizani."

Akamgeukia Bwana Fulu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wakanyamaza ili waisikie.

"Hapa nilikuwa nimkalishe mtoto mdogo kuliko wote. Ana miaka minne. Nilishampangia nafasi yake, hii hapa, katikati, kwa sababu wazazi waliniambia katikati ndiko salama."

"Mwalimu, nisikilize. Mimi nimeandika halijagongwa. Limegongwa?"

"Lilizama."

"Tangazo halikusema halijazama. Limesema ndani pakavu. Na si pakavu? Gusa."

"Nimegusa," Mwalimu alisema. "Kikavu hapa ni macho yako."

Akaikunja ile karatasi ya mauzo mara mbili, akaiweka chini ya wipa ya gari, akaichomeka kalamu juu yake. Mzee wa kofia alifunga koti lake. Yule kijana aliyekuwa akitikisa kichwa alimshika mkewe mkono, wakarudi hatua mbili kutoka kwenye gari lingine jekundu walilokuwa wakilitamani.

Bwana Fulu akaliona hilo, na ndipo alipoacha kuwa mpole.

"Wewe fundi, kuanzia leo hapa usikanyage. Na nitazipigia yadi zote. Zote. Hata turubai la mkokoteni hutalishona mji huu."

"Zipigie," Fundi alisema. "Na ukimaliza uwape namba yangu. Wateja wao watanitafuta."

"Utakula nini?"

"Nitakula nilichokuwa nakula kabla sijakujua. Nimeshona uongo wako siku tatu kwa mikono hii, na leo nimeufumua kwa dakika moja. Dakika hiyo imenilipa."

Sitawaficha, aliogopa. Ana chumba cha kazi cha kodi, ana cherehani mbili, na kazi ya wiki ijayo yote ilikuwa itoke kwa mtu huyu. Lakini hakupepesa macho.

Mwalimu ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria.

"Dada, ulisema uliletewa vyuma vya viti. Vya gari moja?"

"Seti mbili. Zilikuja pamoja, kwenye gari moja la mizigo, zote zimepakwa rangi ile ile."

"La pili liko wapi?"

Wote wakamtazama Bwana Fulu. Bwana Fulu akatazama geti.

Kwa sababu getini palikuwa panaingia gari. La bluu, rimu zinang'aa, muziki mnene, taa za rangi miguuni zinawaka mchana. Likasimama katikati ya yadi. Akashuka mwanamume wa makamo, fulana na suruali ya kawaida, pingu zinaning'inia kiunoni. Injini aliiacha ikiunguruma, mlango akauacha wazi.

"Nani ameharibu mali?" aliuliza.

"Ni mimi," Fundi alisema, akatoa mikono yote miwili mbele.

Bwana Fulu aliinamisha kichwa. Afande yule alidhani ni heshima, akachomoa pingu.

Fundi hakuwa akizitazama pingu. Alikuwa akitazama nyuma ya bega la afande, ndani ya gari la bluu, kwenye kiti cha dereva cha ngozi ya kijivu, uzi mwekundu, mishono miwili miwili. Mwalimu alifuata macho ya dada yake, na yeye akaona zaidi. Kiti cha nyuma, katikati, alikaa msichana mdogo mwenye sare ya shule, katoka masomo ya Jumamosi, mkoba mapajani, mkanda umembana kifuani vizuri kabisa, kama baba mwema anavyofunga.

Mwalimu akapita katikati ya dada yake na zile pingu.

"Afande, sikuzuii. Lakini kabla hujamfunga dada yangu, mfungue mtoto wako."

"Nimfungue kwa nini? Hapo ndipo salama."

"Mfungue kwanza. Halafu nitakueleza, na baada ya hapo utamfunga unayemtaka."

Kuna sauti ambayo hata askari huitii, na walimu wa chekechea wanayo. Afande alimtazama, akamtazama Fundi, akamtazama rafiki yake Fulu ambaye sasa alikuwa anarudi nyuma kuelekea ofisini. Akaenda. Akafungua mlango wa nyuma, akainama, akabonyeza kitufe cha mkanda.

Mkanda haukuachia.

Akabonyeza tena, kwa gumba, kwa nguvu, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Baba," mtoto alisema, "mbona miguuni kunanuka moshi?"